Muulize Fundi Modeli: chubwi kwenye pua ya MiG, kifaru cha mzee wa Sengerema na wadudu wa ziwani

Maswali ya mwezi huu kuhusu modeli za plastiki za ndege na vifaru yamekuwa mengi kuliko nafasi, nimechukua yale ambayo jibu lake litafaa na wengine. Mliouliza bei na wapi mtapata maboksi ya modeli nitawajibu siku nyingine, leo tujenge kwanza.

Fundi mambo vipi. Nipo Igoma, nimemaliza MiG-21, ile ndege ya kivita ya Kirusi, ya skeli 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli), imetoka safi tu ila nikiiweka mezani inakaa kwa mkia, pua inaangalia dari. Nimebandika gurudumu la mbele kwenye kibao, likanyanyuka na gundi yake. Mwili nishafunga na rangi nishapiga. Nifanyeje bila kuipasua?

Pole sana aisee, ila hii ndo kawaida ya ndege zenye gurudumu la puani. Ndege ya kweli mbele imejaa rada, betri, rubani na vikorokoro vyake, modeli yako mbele ina hewa tupu, so uzito wote unaenda nyuma ya magurudumu makubwa na mkia unashuka. Ukirudia karatasi ya maelekezo kuna uwezekano mkubwa kuna kamchoro ka kamzigo na gramu zake, kale watu wengi wanakaruka wakidhani ni pambo.

Sisi wa huku Mwanza uzito sio tatizo kabisa. Nenda maduka ya nyavu au shuka Mwaloni pale Kirumba uulizie chubwi, zile risasi ndogo ndogo za kufunga kwenye mshipi, chukua saizi ya chini kabisa. MiG-21 bahati yake ni kwamba mdomo uko wazi mbele na kuna ile koni katikati, kwenye modeli nyingi koni ni kipande cha peke yake kilichobandikwa. Itikise taratibu na ncha ya wembe mpaka iachie, humo ndani ya koni na nyuma yake ndo panaingia chubwi, na kadiri unavyoziweka mbele zaidi ndivyo zinavyohitajika chache. Kama koni imegoma kutoka basi tumia lile tundu la gurudumu la mbele, sukuma vipande vidogo humo mpaka pua ikubali.

Sasa sikiliza hapa. Zibandike kwa supaglu au ile gundi ya tyubu mbili unayochanganya, usitumie gundi nyeupe ya mbao hata siku moja. Risasi ikikaa na ile gundi nyeupe mahali palipofungwa inaanza kuliwa, inatoa unga mweupe na kuvimba, mwaka unaweza ukapita ndo unashangaa mwili umefunguka wenyewe kwenye mshono. Halafu najua wavuvi wanabana chubwi kwa meno, we tumia koleo na unawe mikono, risasi ni sumu.

Ndege ijayo fanya hivi kabla hujafunga: shika nusu mbili za mwili kwa maskin tepu, bandika mabawa na mkia kwa tepu pia, ilaze juu ya penseli mahali magurudumu ya nyuma yatakapokaa, ongeza chubwi mpaka pua ianguke yenyewe. Ikishaanguka ongeza moja ya ziada.

Kijana, mimi ni mstaafu wa jeshi, naishi Sengerema. Mwaka 1979 nilikuwa na vifaru vyetu vya Kichina, Type 59. Mjukuu wangu ameniletea boksi la kifaru la 1/35 limeandikwa T-55, anasema ndicho kile kile. Mimi nikitazama picha naona sicho. Nataka kukijenga kiwe kama chetu. Macho bado yapo, mikono inatetemeka kidogo.

Shikamoo mzee wangu. Macho yako yapo sawa kabisa, na mjukuu naye hajakosea sana. Type 59 ni T-54A ya Warusi ambayo Wachina walipewa wakaanza kuitengeneza kwao, na T-55 ni mdogo wake huyo huyo T-54. Kwa hiyo vitu vikubwa vyote unavyo ndani ya boksi: magurudumu matano kila upande na lile pengo kati ya la kwanza na la pili, mzinga wa milimita 100, kichwa kile cha duara. Ukimaliza kitakuwa na urefu wa kama sentimita 26 pamoja na mzinga maana cha kweli ni mita 9.

Kinachokusumbua nadhani ni kichwani. T-54 na Type 59 juu ya kichwa, upande wa kulia mbele ya mlango wa mpakiaji, zina kile kifuniko cha feni kilichovimba kama uyoga. Kwenye T-55 Warusi walikiondoa. Hicho ndicho cha kwanza ninachotafuta mimi nikiona picha ya vita vya Kagera, kwa sababu Idi Amin wa Uganda naye alikuwa na T-54 na T-55, achilia mbali zile Sherman za zamani za Kimarekani, na watu wanaweka picha mtandaoni wanaandika tu "kifaru cha Tanzania" bila hata kuangalia. Kukitengeneza ni kazi ya dakika chache: mtume mjukuu Makoroboi akununulie shanga za plastiki za duara, moja isagwe kwenye msasa mpaka ibaki nusu, hiyo nusu ibandikwe mahali pake ukiwa na picha ya kifaru iliyopigwa kwa juu. Ukiwa na shanga za saizi tatu tofauti utaona mwenyewe ipi inakaa sawa. Na kama boksi lina bunduki ya 12.7 ya kuweka juu mlangoni kwa mpakiaji, iweke, Type 59 ilikuwa nayo.

Kuhusu mikono, usiinue viwiko hewani. Egemeza viganja vyote viwili kwenye ukingo wa meza na uvigusanishe, kutetemeka kunapungua sana. Gundi usiweke kwa mdomo wa tyubu, tumia ile ya majimaji yenye brashi, unakutanisha vipande vikavu kwanza halafu unagusisha brashi kwenye mshono, inajivuta yenyewe ndani. Minyororo angalia kama ni ya mpira mzima, hiyo itakufaa, ila kama ni kipande kimoja kimoja hiyo mwachie mjukuu, hata mimi mikono yangu haitetemeki na bado naikimbia.

Rangi ni kijani kilichoiva kisicho na mng'ao. Usikipake kijani hicho hicho mwanzo mwisho, changanya tone la njano au krimu upake tena kwa wepesi sehemu za juu zinazopigwa na jua, modeli ndogo ukiipaka rangi halisi ya chuma kikubwa inaonekana nyeusi mno. Tope tumia udongo wenyewe. Chekecha kwa chujio la chai, kisha kwa kipande cha soksi ya nailoni, changanya na gundi nyeupe na rangi kidogo, upake chini kwenye magurudumu na upandishe kidogo nyuma. Kama unataka kifaru cha Kagera udongo uwe mwekundu, ila kama ni cha mapigano ya Lukaya kule Uganda, Machi 10 na 11 ya 1979, pale ni kinamasi, tope la pale halifanani na la Kyaka, na hilo wewe ndiye wa kunifundisha mimi. Namba ya kifaru usichore kwa mkono, kata umbo kwenye maskin tepu, libandike, gonga rangi kwa kipande cha sponji karibu kikavu, bandua.

Kaka fundi, mwanangu yuko darasa la sita, anajenga vindege. Chumba chote kinanuka thina na mdogo wake wa mwaka mmoja analala humo humo. Baba yao anasema niache mtoto ajifunze. Mimi naogopa. Mama wa Kitangiri.

Mama, una haki ya kuogopa na baba watoto anisamehe. Thina, gundi ya plastiki na rangi za spreya zinatoa mvuke ambao hautakiwi chumba cha kulala, na kwa mtoto wa mwaka mmoja ndo kabisa. Usimnyang'anye, hamisha meza. Barazani, kwenye upepo, makopo yanafungwa kila baada ya kuchovya, na vinavyonuka havirudi ndani mpaka vikauke siku ya pili. Barakoa ya hospitali haisaidii kitu hapo, inazuia vumbi, mvuke unapita kama haipo, inayozuia mvuke ni ile yenye makopo ya mkaa pembeni.

Kuna modeli za kubana tu bila gundi, vipande vinaingiana vyenyewe, kwa umri wake zinatosha sana, na rangi awe anatumia za akriliki zinazosafishwa kwa maji. Kingine ni vipande vidogo, kichanga anaokota kila kitu na kukipeleka mdomoni, so ile fremu ya plastiki vipande vinapokatiwa ifanyiwe ndani ya sinia lenye kingo. Wembe uwe na mpini. Na umuulize kama anayeyusha plastiki kwa mshumaa au koroboi, watoto wanapenda sana, akisema ndiyo mkataze hapo hapo.

Bro niko Buzuruga, nina kijiwe cha pancha na kompresa kubwa tu. Nimepata eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, ya mkono wa pili. Naunga moja kwa moja au?

We una utajiri hapo watu wanakesha wakiutafuta, ila usiunge moja kwa moja. Tenki lako likijaa presha ya hewa inaweza kuwa juu ya PSI 100, eabrashi kwa kazi ndogo ndogo inataka PSI 15 mpaka 20, yaani chini hata ya tairi la gari. Unahitaji regulata, na unahitaji chujio la maji, vile vikombe vya kioo wanavyofunga mafundi wa rangi pale gereji, kwa sababu hewa ya hapa ziwani ina unyevu na kompresa ikiigandamiza unyevu unakuwa maji, unapaka bawa vizuri katikati inatema tone. Kompresa ya pistoni inatema na oili pia, na oili kwenye plastiki rangi haishiki. Fungua koki ya chini ya tenki umwage maji kila asubuhi, hilo hata matairi ya wateja watakushukuru.

Rangi ipunguze mpaka iwe kama maziwa, iteremke ukutani mwa kikombe na kuacha utando mwepesi. Jaribu kwenye kijiko cha plastiki kwanza, sio kwenye ndege. Ikitoa nyuzi nyuzi za buibui ni nzito au inakauka hewani, ikitambaa kama miguu ya mdudu ni nyepesi au uko karibu mno.

Na kwa kuwa uko jirani na gereji najua utashawishika na rangi za magari. Praima zao za kopo zipo poa ukipuliza kwa wepesi sana na kuacha kila koti likauke, ukiimwaga mara moja thina yake inayeyusha plastiki, mistari yote ya kwenye bawa inapotea. Ila zile za kuchanganya na hadena, tukei kama wanavyoziita, achana nazo. Hadena yake ina kemikali inayoharibu mapafu na ukishadhurika mara moja mwili unaweza kuikataa maisha yote. Kwa kindege cha sentimita kumi? Hapana.

Kwa nini mnahangaika na silaha za Wazungu wakati ziwa lipo hapo na meli zipo? Mpenda Meli, Igogo.

Meli tunazipenda, safu ndo ya ndege na vifaru. Maboksi ya manowari yapo mengi, skeli zake za kawaida ni 1/350 na 1/700, ila kama unataka MV Victoria ijenge mwenyewe kwa mbao laini na plastiki, na uchukue skeli ya 1/100 ili kila mita iwe sentimita moja na hesabu isikupotezee muda. Ukimaliza tuma picha, tutavunja utaratibu.

Shikamoo fundi, nasoma chuo kikuu cha SAUT hapa Mwanza. Bibi yangu huwa anasimulia Walibya walivyopiga bomu Mwanza wakati wa vita vya Kagera, likaenda kuua swala Saanane. Wenzangu wanasema ni hadithi za wazee. Kama ni kweli nataka kutengeneza tukio lote, ndege, kisiwa na swala. Naanzia wapi?

Marahaba mdogo wangu. Waambie wenzako bibi yuko sahihi. Ilikuwa Machi 29, 1979, Gaddafi alikuwa anamsaidia Amin, ikatumwa Tu-22, ndege kubwa ya Kirusi ya kupiga mabomu, shabaha ilikuwa matangi ya mafuta hapa mjini. Ikakosa kabisa, ikapiga kisiwa cha Saanane, wakafa wanyama na mfanyakazi mmoja akaumia kidogo. Wakati huo Saanane ilikuwa ya wanyama wa kuonyesha watu, hifadhi ya taifa imekuja kuwa miaka mingi baadaye, 2013.

Sasa tatizo lako ni skeli, na hapa ndo wengi mnaingia kichwa kichwa. Tu-22 ina urefu wa mita 41.6 na mabawa mita 23 na kidogo. Kwa 1/72 hiyo ni sentimita 58, meza ya hosteli imeisha. Kwa 1/144 ni sentimita 29, hapo unaweza kuishi nayo. Ila kisiwa nacho kikifuata 1/144, kila kilomita moja ya ziwa inataka mita 7 za sakafu, na swala wa futi tatu mgongoni anakuwa milimita 6, mchwa kabisa. Tukio lote kwa skeli moja haliwezekani na wala usijaribu.

Ningekuwa wewe ningedanganya macho. Ndege chukua ya 1/144, iweke juu na nyuma kabisa kwenye waya mwembamba au fimbo ya akriliki. Chini mbele weka jabali moja tu la Saanane kwa 1/72 au hata kubwa zaidi, nyasi, na swala wawili watatu wameinua vichwa. Jicho litaona ndege iko mbali na mawe yako karibu. Ukiongeza moshi wa pamba umeharibu, pamba inaonekana pamba siku zote.

Mawe ni rahisi kwa mtu wa Mwanza maana unayaona kila dirisha. Tafuta boksi la foam lililobebea minofu ya sangara, lililovunjika wanakupa, lioshe sana na sabuni ya unga la sivyo hosteli watakufukuza. Usilikate kwa kisu lote, limegue kwa mkono ndo upate ile ngozi ya jabali, kisha usugue pembe ziwe mviringo kwa sababu mawe yetu yamezeeka, hayana makali. Lipake gundi nyeupe iliyochanganywa na mchanga laini mara mbili kabla ya rangi yoyote. Ukipuliza spreya kwenye foam tupu linayeyuka mbele ya macho yako. Msingi kijivu chenye uwaridi kidogo, halafu michirizi myeusi inayoshuka pale maji ya mvua yanapopita na ile mistari myeupe ya vinyesi vya ndege, bila hiyo mistari mtu wa Mwanza atajua ni jiwe la dukani.

Tu-22 usikosee injini, ziko mbili zimekaa juu nyuma pembeni ya mkia wa kusimama, ndo sura yake yote. Na tafadhali, wewe na wengine wote: usiende kupiga picha ndege za jeshi pale uwanjani Ilemela eti unatafuta rangi sahihi. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha, modeli sio sababu ambayo askari atakuelewa.

Nansio, Ukerewe. Nikipiga rangi jioni wale wadudu wa ziwani wanajaa kwenye bawa. Nikipiga mchana wa mvua spreya inaganda ukungu mweupe. Nipige saa ngapi sasa?

Saa nne asubuhi mpaka saa nane, siku ya jua. Wadudu wanafuata taa, jioni ukiwasha balbu umewaita mwenyewe, kwa hiyo usiku fanya kazi za kukata na msasa tu. Rangi ikiwa mbichi ifunikie ndoo ya plastiki iliyogeuzwa, mdomo uinuliwe kidogo kwa penseli ili mvuke utoke, na kitambaa cha neti kizunguke hapo. Mdudu akishaganda usimtoe rangi ikiwa mbichi hata kama roho inakuuma. Iache ikauke kabisa, mng'oe kwa kibanio, msasa namba 1000 wenye maji, puliza tena.

Ukungu mweupe ni unyevu. Thina ikipaa haraka inapoza uso wa rangi, maji ya hewani yanaganda hapo hapo. Siku za masika na vuli usipulize mvua ikikaribia au ikiwa imetoka kunyesha. Kopo liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache kabla, ya uvuguvugu nimesema, sio jikoni na sio juani kwenye bati, makopo yanalipuka. Umbali sentimita 20 hivi, anza kupuliza nje ya modeli na umalizie nje ya modeli. Ukungu ukishatokea mara nyingi koti jingine jepesi sana siku kavu linautoa.

Fundi, mi mpya, nakaa chumba cha kupanga Nyegezi, nianze skeli gani?

1/72. Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, nzima inakuwa na mabawa ya sentimita 15 na nusu, inakaa juu ya redio. Vifaru watu wengi wanajenga 1/35, na hiyo namba ya ajabu sababu yake ni Tamiya, watengeneza modeli wa Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza modeli ya kifaru cha Kijerumani cha Panther yenye mota, wakakipa ukubwa wa kutosha betri ndani, baadaye kukipima ndo ikaonekana ni kama 1/35, wengine wakafuata. Ila kifaru cha 1/35 unahitaji kabati, na kwenye chumba kimoja kabati lina nguo.

Nimeokota boksi la Spitfire 1/48 Mlango Mmoja kwenye mitumba ya midoli, buku tano tu. Vipande karibu vyote vipo, ila propela imekatika panga moja kati ya matatu na dekali, zile alama za kubandika, zimekuwa njano kama karatasi ya zamani. Inafaa au nimeliwa?

Hujaliwa hata kidogo, buku tano unapata sahani mbili za wali maharage.

Dekali kwanza. Zibandike na karatasi yake kwa tepu kwenye kioo cha dirisha, uso utazame nje, jua la Mwanza lizichape siku kadhaa. Ule unjano unapauka, na zisipotoka zote ziache zikae zaidi. Baada ya hapo kata ile usiyoihitaji, itie kwenye maji ya uvuguvugu. Ikiteleza nzima safi, ikisambaratika vipande basi zote zilizobaki zipulizie klia, ile vanishi isiyo na rangi, koti moja jepesi, zikauke, na sasa itabidi kila moja uikate kufuata ukingo wake maana klia imeziunganisha. Kwenye ndege ziweke juu ya uso unaong'aa, ukiziweka kwenye rangi isiyong'aa hewa inabaki chini na unaona kamng'ao ka fedha pembeni. Siki nyeupe ya dukani kwa brashi inazilainisha ziingie kwenye mistari. Ukimaliza ndo upige koti la kuua mng'ao.

Propela una njia mbili. Ya kwanza ni kuchonga panga jipya. Tafuta kikombe cha mtindi au boksi la sidii lenye namba 6 ndani ya pembetatu, hiyo ndo polistirini, plastiki ile ile ya modeli, gundi yako inaishika. Vifuniko vya ndoo namba 5 usihangaike, gundi inateleza tu. Vipande viwili vibandike pamoja vipate unene, chora panga zima kwa kufuatisha, kata, saga, lipashe kwenye maji ya moto ulipinde kidogo lifuate wenzake.

Ya pili mimi ndo ningeichukua. Spitfire za kwanza kabisa zilizoingia kikosi namba 19 cha jeshi la anga la Uingereza pale Duxford, Agosti 1938, zilikuwa na propela ya mbao ya mapanga mawili. Kwa hiyo ng'oa yote mawili uliyonayo, yapange upya yakabiliane, tundu la tatu lizibe kwa pati, yaongezee upana kidogo na ncha uziviringe. Cheki na kioo cha rubani kwenye boksi, zile za mwanzo juu kilikuwa kimenyooka, hakijavimba kama za baadaye, so kama chako kimevimba kifungue na ukisukume nyuma, hapo haionekani sana. Halafu tazama dekali za boksi ni za mwaka gani kabla hujazianika dirishani, za 1941 hazitakwenda na propela ya 1938.